Milango Mingi, Mama Mmoja

Mfuko ni mweupe, wa plastiki, umeandikwa IOM, yaani Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, kwa herufi za buluu, na anayeubeba ameambiwa asiuachie mkononi mpaka afike. Ndani yake zimo karatasi za safari, picha ya eksirei ya kifua na orodha ya chanjo alizochomwa kila mtoto kabla ya kupanda ndege. Miaka ile wakimbizi wa Kongo walipokuwa wakiwasili kwa wingi, mtu aliyesimama mlango wa kutokea abiria katika uwanja wa Dallas–Fort Worth, au ule wa George Bush Intercontinental mjini Houston, angewatambua kwa mfuko huo kabla hajasikia Kiswahili chao cha Uvira, Fizi au Goma.

Hiyo ndiyo huwa mara ya mwisho kwa taarifa zote za mtoto kukaa mahali pamoja.

Kuanzia wiki ya kwanza, karatasi hutawanyika. Ya chanjo inakwenda idara ya afya ya kaunti. Ya kipato inakwenda kwa serikali ya jimbo la Texas, mjini Austin, kwa mtandao. Ya uzito na urefu inabaki kwenye ofisi ya lishe. Ya umri inatakiwa na shule. Mtoto ni mmoja, tena ana miaka miwili tu, lakini kila ofisi ina namba yake ya kumtambulisha, fomu yake na tarehe yake ya kumwita. Kwa Kiswahili cha Wakongo kila wito wa namna hiyo huitwa randevu, na mama mwenye watoto wadogo watatu anaweza kuwa na randevu nne ndani ya wiki moja katika jiji ambalo basi hupita kila baada ya nusu saa, likipita.

Kambini mambo yalikuwa tofauti, ingawa hakuna atakayesema yalikuwa mazuri. Nyarugusu mkoani Kigoma, au Kakuma kule Turkana, mgao ulipungua na vumbi halikuisha. Hata hivyo mpangilio ulieleweka. Mtoto alikuwa na kadi ya kliniki, familia ilikuwa na kadi ya mgao. Muuguzi aliyempima uzito alijua chanjo aliyokosa, na akimwona amedhoofu alimwelekeza kwenye uji wa lishe, umbali wa kutembea kwa miguu. Texas ina fedha zinazozidi mara nyingi kila senti iliyowahi kufika Nyarugusu, ina hospitali za watoto zinazosifika duniani kote, ina programu kwa karibu kila shida inayoweza kumpata mtoto wa chini ya miaka mitano. Kitu kimoja haina: mtu ambaye kazi yake ni kuviunganisha vyote hivyo kwa ajili ya mtoto mmoja. Kazi hiyo ameachiwa mama.

Tuanze na milango yenyewe, maana msomaji asiyeijua hawezi kuelewa uchovu wa anayeigonga.

Mlango wa kwanza ni Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato cha chini, ambayo kwa watoto wa Texas hutolewa kupitia mpango uitwao STAR. Serikali yenyewe hailipi hospitali moja kwa moja. Inalipa kampuni za bima, na familia hutakiwa kuchagua kampuni moja. Houston zipo Texas Children's Health Plan na Community Health Choice, Dallas ipo Parkland Community Health Plan, Fort Worth ipo Cook Children's Health Plan, na nyingine. Barua ya kuchagua huja kwa posta. Asiyechagua huchaguliwa, na pengine akajikuta na daktari aliye upande wa pili wa jiji. Familia ambayo kipato chake kimezidi kidogo kiwango cha Medicaid huelekezwa CHIP, bima nyingine ya watoto.

Wa pili ni fudistampu, yaani fedha za chakula zinazowekwa kwenye kadi iitwayo Lone Star. Wa tatu ni WIC, chakula cha wajawazito, wanaonyonyesha na watoto hadi miaka mitano: maziwa, mayai, maharage, siagi ya karanga, mboga na matunda, na maziwa ya kopo kwa mchanga asiyenyonya. WIC ina kadi yake, tofauti na Lone Star, na si kila kopo la dukani linakubalika. Saizi au chapa ikikosewa, keshia analirudisha huku foleni ikitazama. Wa nne ni uchunguzi wa afya na chanjo. Wa tano ni ECI, huduma ya mapema kwa watoto wa chini ya miaka mitatu waliochelewa kukaa, kutembea, kusema au kucheza na wenzao. Wa sita ni msaada wa kulipia deikea, yaani malezi ya mchana ya mtoto, ili mzazi aende kazini. Wa saba ni Head Start na darasa la awali la shule za umma.

Huo ni mzunguko wa mtoto mzima wa afya. Mwenye ulemavu ana milango mingine, kama STAR Kids, mpango wa Medicaid ulioanza Novemba 2016, na orodha za kusubiri huduma za nyumbani ambazo familia hukaa humo miaka.

Kwa nini vitu hivi havikuwekwa chini ya paa moja? Havikujengwa siku moja wala na mtu mmoja. Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson, Mtexas ambaye katika ujana wake alifundisha watoto maskini wa asili ya Meksiko katika mji mdogo wa Cotulla, alianzisha Head Start na kutia saini sheria ya Medicaid. WIC ilianza kama jaribio mwaka 1972. Sheria iliyozaa huduma za mapema kwa watoto wachanga wenye ulemavu ilipitishwa 1986. CHIP ikafuata 1997. Kila moja ilizaliwa na kamati yake bungeni na kupewa wizara yake. WIC na fudistampu ziko kwa Wizara ya Kilimo, kwa kuwa zamani chakula cha msaada kilikuwa njia ya kumaliza ziada ya wakulima. Medicaid iko Wizara ya Afya. ECI chimbuko lake ni Wizara ya Elimu.

Zikishuka Texas zinachanganywa upya. Medicaid, fudistampu, WIC na ECI zinasimamiwa na tume ya afya na huduma za jamii ya jimbo, HHSC. Chanjo ziko idara nyingine. Ruzuku ya deikea iko chini ya tume ya ajira, kwa hoja kwamba deikea humsaidia mtu mzima kufanya kazi, na mtoto aliyelengwa anakuja nyuma ya hoja hiyo. Darasa la awali liko wakala wa elimu. Head Start haipiti jimboni kabisa. Fedha zake hutoka Washington moja kwa moja hadi kwa mashirika ya mitaani, kama BakerRipley na Idara ya Elimu ya Kaunti ya Harris upande wa Houston, au Child Care Associates huko Fort Worth.

Hata ndani ya huduma moja kuna mipaka. Houston, WIC inaendeshwa na idara ya afya ya jiji, na inaendeshwa pia na idara ya afya ya Kaunti ya Harris, kila moja na vituo vyake. Familia ikihama fleti kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine, inaweza kuvuka mpaka ambao hakuna aliyeuchora barabarani.

Texas imewahi kujaribu kuunganisha, na kisa chake kinafaa kusomwa na yeyote anayedhani uratibu ni kuchora upya muundo wa wizara. Mwaka 2003 bunge la jimbo lilipitisha sheria iliyozikunja idara 12 za afya na ustawi kuwa 5. Sheria hiyohiyo ilifupisha muda wa bima ya CHIP kutoka miezi 12 hadi 6, kwa maana kwamba mzazi alitakiwa kuthibitisha upya hali yake mara mbili kwa mwaka. Miaka miwili baadaye jimbo likaikabidhi kampuni ya Accenture mkataba wa karibu dola milioni 900 ili maombi ya Medicaid, CHIP na fudistampu yapokelewe kwa simu na kompyuta badala ya ofisi za mitaani. Ilipojaribiwa mapema 2006 katika eneo la Austin, wapokea simu hawakuwa na mafunzo ya kutosha na karatasi zilipotea. Katika moja ya vituko vyake, kwa sababu ya namba ya faksi iliyokosewa, maombi ya Watexas yenye siri zao zote yalikuwa yakitokea kwenye ghala moja mjini Seattle, karibu kilomita 3,000 kutoka Austin. Katika miaka hiyo watoto zaidi ya 150,000 walitoka kwenye CHIP. Machi 2007 mkataba ulivunjwa, na mwaka huohuo bunge likarudisha miezi 12.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anaijua "njoo kesho" ya dirishani. Ya Texas ni ya adabu zaidi: huambiwa kwa simu, baada ya dakika arobaini za muziki.

Sambamba na hayo ilikuwapo kesi ya Frew. Mwaka 1993 akina mama wa Texas waliishtaki serikali yao wakidai kwamba watoto wenye Medicaid hawapati uchunguzi wa afya na meno ambao sheria ya taifa inawapa. Serikali ilikubali makubaliano mbele ya hakimu mwaka 1996, kisha ikapinga kulazimishwa kuyatekeleza. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo Januari 2004, majaji wote kwa kauli moja, iliamua upande wa akina mama. Mwaka 2007 bunge lilitenga takriban dola milioni 700 kuboresha huduma hizo. Hesabu ni nyepesi: mtoto aliyekuwa na mwaka mmoja kesi ilipofunguliwa alikuwa na miaka 15 fedha zilipotengwa.

Mwaka 2023 milango ikajifunga tena, safari hii kimyakimya. Wakati wa janga la korona sheria ya taifa ilizuia mtu kuondolewa Medicaid. Kizuizi kilipoondolewa mwishoni mwa Machi 2023, Texas ilianza kuwapitia wanachama wake upya, na kabla zoezi halijaisha zaidi ya watu milioni 2 walikuwa wametolewa, wengi wao watoto. Sehemu kubwa hawakutolewa kwa kuwa kipato kimepanda. Walitolewa kwa sababu fomu haikurudi, au barua ilikwenda anwani ya zamani, au karatasi moja ilikosekana. Texas tayari ilikuwa jimbo linaloongoza Marekani kwa watoto wasio na bima, kwa idadi na kwa kiwango.

Barua hizo, nyingi zikija kwa Kiingereza na Kihispania, zilifika kwa watu ambao nusu ya maisha yao waliishi bila anwani. Katika Vickery Meadow mjini Dallas, au Gulfton na Alief kusini-magharibi mwa Houston, familia huhama fleti kila kodi inapopanda. Kisanduku cha barua cha pale chini kina ufunguo mdogo ambao mgeni hajui kazi yake mpaka aonyeshwe. Wahudumu wa wakimbizi, ambao wakimbizi wenyewe huwaita kesiwoka, husimulia kuhusu mifuko ya plastiki iliyojaa bahasha zisizofunguliwa. Mwenye mfuko huo kwa kweli hakupuuza kitu. Alizihifadhi kwa heshima, kama alivyohifadhi ule mfuko wa IOM.

Kesiwoka ndiye mtu anayefanana zaidi na mratibu katika mfumo mzima, na muda wake ni mfupi. Miaka ile siku 90 za mwanzo ndizo zilizokuwa na nguvu: alimsindikiza mama kuomba Medicaid na fudistampu, alimpeleka kwenye uchunguzi wa afya wa kaunti, alimwandikisha mtoto shule. Baada ya hapo alikuwa na familia nyingine uwanja wa ndege.

Texas yenyewe ilikwishajitoa. Serikali ya jimbo ilijiondoa kwenye mpango wa taifa wa wakimbizi, uamuzi ulioanza kazi mwisho wa Januari 2017, na usimamizi ukaachiwa mashirika. Ilifika hatua ofisi ya wakimbizi ya Texas nzima, jimbo lenye kaunti 254, ikaendeshwa na shirika la Kanisa Katoliki, Catholic Charities Fort Worth. Mwaka 2023 Refugee Services of Texas, shirika lililofanya kazi hiyo tangu 1978, lilifunga milango. Katika mwaka wa fedha 2024 Marekani ilipokea wakimbizi 100,034, karibu 20,000 kati yao wakitoka Kongo, nchi iliyoongoza orodha. Texas ndiyo iliyopokea wengi kuliko jimbo lolote. Januari 2025 serikali mpya ya Washington ikasimamisha mpango wote. Machi mwaka huo Catholic Charities Fort Worth ilikwenda mahakamani kudai fedha zilizozuiwa. Waliofika wiki chache kabla walibaki na watoto wao, mifuko yao, na kesiwoka ambaye huenda naye alikuwa amepunguzwa kazi.

Julai 4, 2025 ikasainiwa sheria iliyowaondoa wakimbizi wasio na grinikadi, yaani kibali cha ukaaji wa kudumu, kwenye orodha ya wanaostahili fudistampu. Athari yake inazidi chakula. Milango hii saba, pamoja na kutengana kwake, ina funguo chache za pamoja, na fudistampu ni mmojawapo: mwenye nayo huhesabiwa moja kwa moja kuwa ametimiza sharti la kipato la WIC, na tangu 2022 familia yake inastahili Head Start bila kuulizwa zaidi. Ufunguo huo ukichukuliwa, mama huenda akalazimika kubisha hodi upya akiwa na karatasi zake za mshahara.

Funguo nyingine zipo, na zinafanya kazi vizuri kiasi kwamba mtu hujiuliza kwa nini ni chache. Mtoto akizaliwa na mama mwenye Medicaid, hupata bima papo hapo hadi afikishe mwaka mmoja. Tangu Januari 2024 sheria ya taifa inataka kila mtoto aliyeingia Medicaid au CHIP abaki humo miezi 12 hata kipato cha nyumbani kikipanda na kushuka. Kuanzia Machi 2024 mama wa Texas naye anabaki na bima mwaka mzima baada ya kujifungua. Awali ilikoma miezi miwili tu baadaye. Hakuna hata moja kati ya hizo inayomtaka mama ajaze fomu. Ndiyo siri yake.

Mahali ambapo uzi hukatika kwa hatari zaidi ni pale ofisi moja inapomaliza na nyingine inapotakiwa kuanza. Chukua kipimo cha madini ya risasi kwenye damu, yale ambayo hudumaza ubongo wa mtoto bila kuonyesha dalili. Mwaka 2000 mtoto mkimbizi wa Kisudani, mwenye miaka miwili, alifariki katika jimbo la New Hampshire kwa sumu hiyo, majuma machache tu baada ya kuwasili, na nyumba aliyopangishiwa ilikuwa na rangi ya zamani inayobanduka. Tangu hapo wataalamu wa afya wa Marekani wanataka watoto wakimbizi wapimwe wanapofika, na wadogo wapimwe tena baada ya miezi mitatu hadi sita, kwa sababu sumu inaweza kuwa imetoka kambini au ikawa inaingia sasa hivi kwenye fleti. Kipimo cha kwanza hufanywa na kliniki ya wakimbizi ya kaunti. Cha pili ni cha daktari wa watoto, aliye kwenye orodha ya kampuni ya bima, ambaye huenda hajui kwamba cha kwanza kilifanyika. Kati ya daktari huyo na kliniki ile hakuna waya isipokuwa mama.

Chanjo nazo zina hadithi hiyohiyo. Texas ina daftari la chanjo la kompyuta, ImmTrac2, lakini mtoto haingizwi humo mpaka mzazi asaini kukubali. Asiposaini, sindano alizochomwa Kigoma, Dallas na Fort Worth hubaki katika madaftari matatu yasiyojuana, na shule ikitaka uthibitisho, mtoto hurudiwa kuchomwa.

Kuhusu ECI pana jambo la kusimama kidogo. Ni huduma nzuri kuliko jina lake linavyosikika. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo au wa usemi huja nyumbani, hukaa sakafuni na mtoto, humfundisha mama kutumia vijiko na makopo ya jikoni kama vifaa vya mazoezi. Katika Kaunti ya Tarrant, yaani Fort Worth na majirani zake, ECI inaendeshwa na taasisi ya MHMR; Houston ipo The Harris Center pamoja na wengine. Tathmini ni bure. Kwa mtoto mwenye Medicaid, huduma nayo ni bure. Lakini mwaka 2011 Texas ilikaza masharti, ikitaka mtoto awe amechelewa kwa angalau asilimia 25 katika eneo moja la makuzi, na miaka iliyofuata mashirika kadhaa yakajitoa kwa kuwa fedha hazikutosha.

Kwa mtoto wa Kiswahili pana fumbo la ziada. Nyumbani baba anasema Kibembe, mama Kiswahili, dada amerudi na Kiingereza cha shule, na katuni ni za Kihispania cha jirani. Mtoto wa miaka miwili na nusu anasema maneno machache. Amechelewa, au anapanga lugha nne kichwani? Sheria inataka apimwe kwa lugha ya nyumbani, na mtaalamu mzuri huuliza kwa mkalimani: anaelewa ukimtuma kikombe? Anaonyesha kwa kidole? Anaitika akiitwa? Mtaalamu mwenye haraka hukosea upande mmoja au mwingine. Wazee nao huongeza lao, kwamba watoto wa kiume huchelewa kusema, babu yake alikuwa hivyohivyo, na miezi inapita.

Miezi hiyo ni ghali, kwa sababu ECI hukoma siku mtoto anapofikisha miaka mitatu. Asubuhi yake jukumu huhamia wilaya ya shule, idara nyingine, sheria nyingine, tathmini mpya. Mkutano wa makabidhiano unatakiwa ufanyike siku 90 au zaidi kabla. Na shule za Texas zina historia. Mwaka 2016 gazeti la Houston Chronicle lilifichua kwamba tangu 2004 jimbo lilikuwa limeziwekea wilaya lengo la asilimia 8.5 ya wanafunzi katika elimu maalumu, wakati wastani wa nchi ulikuwa kama 13, na maelfu ya watoto walikuwa wamenyimwa msaada ili namba ibaki chini. Serikali ya taifa ilithibitisha Januari 2018 kwamba hilo lilivunja sheria. Lengo liliondolewa. Desturi ya kusema "tusubiri kwanza ajue Kiingereza" haifi kwa barua moja.

Lugha hiyohiyo inayomchelewesha mtoto mlango mmoja humfungulia mwingine. Darasa la awali katika shule za umma za Texas si la watoto wote, lakini mtoto wa miaka minne asiyejua Kiingereza anastahili bure, na tangu 2019 sheria inataka liwe la siku nzima. Wazazi wengi hawajui. Wanaendelea kusubiri zamu yao katika orodha ndefu ya ruzuku ya deikea huku shule ya mtaani ina kiti.

Kwa hiyo nani anaratibu? Mara nyingi ni binti wa miaka 12. Yeye ndiye mwenye Kiingereza, yeye ndiye mwenye nywila ya tovuti ya maombi, yeye ndiye anayekosa hesabu za asubuhi ili akatafsiri kwamba kaka yake mdogo ana kinyesi chenye damu. Kanuni za afya za Marekani zinakataza hospitali kumtegemea mtoto kama mkalimani isipokuwa kwa dharura. Mkalimani wa Kiswahili, kwa simu au video, ni haki ya mgonjwa na halipiwi. Nyuma ya binti huyo wapo wachungaji wa makanisa ya Wakongo, mama mmoja jasiri wa kila jengo la fleti ambaye alifika 2012 na amekwishaanguka kwenye kila shimo, na makundi ya WhatsApp ambako picha ya barua hutumwa saa nne usiku na swali: hii inasemaje?

Tanzania, kwa upande wake, iliamua kulitaja tatizo kwa jina. Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayowataka watu wa afya, lishe, elimu, ulinzi na malezi wapange kwa pamoja kwa ajili ya mtoto wa miaka 0 hadi 8. Utekelezaji umebeba matatizo yote ya bajeti ambayo msomaji anaweza kuyakisia. Lakini afisa ustawi wa jamii wa halmashauri na mganga wa zahanati angalau wameambiwa kwamba mtoto wao ni mmoja. Texas, tajiri kiasi hicho, haijasema hivyo kwa wahudumu wake wa dirishani.

Kaunti ya Harris ilijaribu kipande kimoja. Kwa dola milioni 26 za fedha za korona ilianzisha mpango wa kulipia nafasi za deikea kwa familia za kipato cha chini. Fedha hizo zilipokaribia kuisha, kiongozi wa kaunti, Lina Hidalgo, alitaka wapiga kura waulizwe kama wangekubali kodi ndogo ya kuendeleza malezi ya watoto. Agosti 2025 wenzake katika baraza walilizuia swali hilo lisiende kwenye kura.

Wakati wakubwa wanabishana, yapo mambo ambayo mzazi wa Alief au Fort Worth anaweza kuyafanya leo. Akihama, abadilishe anwani HHSC siku ileile, hata kabla ya kupanga vitanda. Asaini ImmTrac2. Akikosa usafiri wa kwenda kwa daktari, apigie kampuni yake ya bima siku mbili za kazi kabla, kwa kuwa Medicaid ya Texas hulipia safari hiyo. Namba ya simu 2-1-1 haina malipo; anayepokea akisalimia, inatosha kutamka neno moja, "Swahili", na kungoja mkalimani aunganishwe. Na kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu asiyekaa, asiyetembea au asiyegeuka akiitwa, ECI haihitaji barua ya daktari: mzazi mwenyewe, shangazi, mchungaji au jirani anaweza kulipeleka jina lake, na tangu siku linapopokelewa ofisi ina siku 45 za kumpima na kukaa na familia kupanga huduma.